Haibiskasi Iliyobebeshwa Katika Chungu cha Bonsai: Dalili, Visababishi na Tiba

Haibiskasi iliyobebeshwa ni miti miwili iliyofungwa pamoja. Mizizi na shina la chini ni vya mti mmoja, matawi na maua ni ya mti mwingine, na kati yao kuna kovu ambalo kila tone la maji na kila chembe ya chakula lazima vipite. Ukiuweka mti huo katika sinia la bonsai, yaani mti unaodumishwa mdogo chunguni, lenye kina cha sentimita sita au saba, umeongeza shida ya tatu, kwa kuwa mizizi haina tena pa kukimbilia udongo unapokuwa mbaya. Ndiyo maana dalili moja, tuseme majani ya njano, huweza kuwa na visababishi vinne au vitano, na mtu anayekimbilia dawa kabla ya kuuliza ni upi kati ya miti hiyo miwili unaolalamika huishia kutibu kichwa ilhali maradhi yako miguuni.

Mmea ninaouzungumzia ni Hibiscus rosa-sinensis, haibiskasi ileile ya maua mekundu inayofanywa uzio katika miji yetu ya pwani, pamoja na mahuluti yake, yaani chotara, yenye maua makubwa ya manjano, machungwa na zambarau. Baadhi ya mahuluti hayo yana damu ya huku kwetu, kwa sababu Hibiscus schizopetalus, yenye petali zilizochanikachanika na ua linaloning'inia kichwa chini kama taa, asili yake ni misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji. Mahuluti ya maua makubwa mara nyingi huwa na mizizi dhaifu. Wakulima wa maua hayo huko Florida na Australia walilijua hilo zamani, wakawa wanayabebesha juu ya mashina ya haibiskasi ngumu za bustanini. Kwetu mbebaji, yaani mti wa chini wenye mizizi, mzuri kabisa ni ile nyekundu ya uzio, ambayo hustahimili jua, ukame wa siku chache na udongo usio na rutuba.

Ukaguzi wa mwanzo

Kabla ya tiba yoyote ninafanya mambo matatu, na ninayafanya asubuhi kabla jua halijawa kali. Kwanza ninakiinua chungu kwa mikono miwili. Aliyekizoea chungu chake hujua kwa uzito tu kama udongo umekauka, una unyevu wa kutosha au umejaa maji, na kipimo hicho ni cha kuaminika kuliko kugusa udongo wa juu, ambao hukauka haraka hata pale chini panapokuwa matope. Pili ninakwaruza ganda kwa ukucha, mara moja juu ya kovu la kubebeshea na mara moja chini yake. Kijani kibichi chenye majimaji maana yake uhai upo. Rangi ya kahawia na ukavu maana yake sehemu hiyo imekwisha. Kijani kikiwepo chini na juu hakuna, mizizi ni mizima na tatizo liko kwenye kovu au kwenye kikonyo, yaani kipande cha tawi kilichobebeshwa juu. Hali ikiwa kinyume chake, yaani juu kuna kijani kilichofifia na chini ganda linateleza na kunuka, ni mizizi inayooza, na hapo ni suala la siku chache. Tatu ninageuza majani na kutazama upande wa chini, kwa sababu wadudu wengi wa haibiskasi hawakai juu.

Kikonyo kinakauka au kinaoza baada ya kubebesha

Swali la kwanza hapa ni la siku: kimekufa baada ya muda gani? Jibu la swali hilo hupunguza visababishi kwa zaidi ya nusu.

Kikonyo kinachosinyaa na kukunjamana ganda ndani ya juma la kwanza kimekufa kwa kiu. Hakijaungana na shina bado, kwa hiyo hakipokei maji yoyote, na kila jani lililoachwa juu yake linakinyonya. Kikonyo kinachofaa kina urefu wa sentimita 7 hadi 10, macho mawili au matatu, unene wa penseli au pungufu kidogo, na mti wake uwe umeanza kukomaa, yaani ganda limeacha kuwa la kijani laini lakini halijawa gome la kijivu. Majani yote hukatwa na kuachwa vijiti vyake vifupi tu, au jani moja dogo la nchani lililopunguzwa nusu. Baada ya kufunga, sehemu yote ya juu hufunikwa ili hewa ya ndani ibaki na unyevu. Mimi hutumia chupa angavu ya maji iliyokatwa kitako, na chungu hukaa kivulini penye mwanga, kamwe si juani, kwa maana chupa juani ni jiko.

Kikonyo kinachogeuka cheusi kuanzia kwenye mkato kwenda juu, kikiwa laini na chenye harufu, kimeoza. Hapa visababishi ni wembe mchafu, maji yaliyoingia ndani ya ufungaji, au msimu. Kwa pwani ya kaskazini ya Tanzania ninapoishi, masika ya Machi hadi Mei yana unyevu mwingi mno, na nimeacha kabisa kubebesha wakati huo. Joto la Januari na Februari, kati ya mvua za vuli na masika, ndilo linaloshikisha vikonyo vizuri, kwa sababu utomvu wa shina la chini unatembea kwa nguvu. Aliye nyanda za juu, Arusha, Lushoto au Nairobi, akwepe Juni hadi Agosti, kwa kuwa baridi huchelewesha uponaji wa kidonda hadi ukungu unafika kabla ya kovu.

Kisababishi kingine hakielezwi vya kutosha, nacho ni ute. Haibiskasi ni ya ukoo mmoja na bamia na pamba, na undugu huo unaonekana mara tu wembe unapopita: mkato unatoa ute mwepesi usio na rangi, unaoteleza vidoleni sawasawa na bamia iliyokatwa. Mtu anauona ute, anaufuta kwa kitambaa au kwa kidole, na kwa kufuta huko anapaka uchafu mahali ambapo panatakiwa kuwa safi kuliko kitu chochote nyumbani. Ute usifutwe. Dawa yake ni kasi: wembe mpya uliopanguswa kwa spiriti, mkato mmoja mrefu wa sentimita mbili na nusu kila upande ili kikonyo kiwe na umbo la kabari bapa, mpasuko wa urefu huohuo katikati ya shina la chini, kisha kabari inaingizwa mara moja. Inapoingia huhisiwa ikisukumwa kurudi juu, kwa sababu ute umeilainisha. Ishikilie kwa kidole gumba na uanze kuzungusha ukanda wa nailoni kutoka chini ya mpasuko kwenda juu, ukivuta kila mzunguko, hadi mkato wote uwe umezibwa. Ukianza kufunga kutoka juu, kabari itateleza milimita chache bila wewe kuona, na milimita hizo ndizo zinazoamua.

Zinaamua kwa sababu kinachoungana si mti mzima. Chini tu ya ganda kuna tabaka jembamba la kijani, na ni tabaka hilo la kikonyo linalopaswa kugusana na la shina. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina, kukiweka katikati kabisa kwa sababu kinapendeza hapo ni kukinyima mguso wa pande zote mbili. Kisogeze hadi ganda lake lilingane na ganda la shina upande mmoja, na upande wa pili uuache.

Baada ya hayo yote hutokea dalili inayokatisha tamaa kuliko zote: kikonyo kinachipua majani mawili mazuri katika juma la pili, mwenyewe anafurahi na kuondoa chupa, na juma la nne kila kitu kimekauka. Majani yale hayakuwa ushahidi wa kuungana. Kikonyo kina akiba yake ndani ya mti, na joto na unyevu hukifanya kichipue hata kama chini hakuna kilichoshikana. Ushahidi ni jani la tatu na la nne, linalotoka na kukua hadi ukubwa wake wakati macho ya shina la chini yameondolewa. Kwa hiyo chupa isiondolewe kabla ya juma la tatu au la nne, na hata hapo iinuliwe kidogo kidogo, saa moja siku ya kwanza, saa mbili siku ya pili, hadi majani yazoee hewa kavu.

Kikonyo kimeshika, lakini hakikui

Tazama ukanda wa nailoni kwanza. Kovu la haibiskasi hunenepa haraka, na ukanda uliosahauliwa kwa miezi mitatu huzama ndani ya ganda na kulikaba, kiasi cha kufanya juu ya ukanda pavimbe na chini pabaki pembamba. Mimi nimeupoteza mti mmoja kwa namna hiyo, huluti la manjano lililokuwa limeshika vizuri. Tawi lilikatika hapohapo kwa upepo wa kusi, mkato ukiwa laini kama umefanywa kwa msumeno, na chini ya ule utepe ganda lilikuwa limeliwa mviringo wote. Tangu hapo ninaandika tarehe ya kubebesha kwenye kibao cha chungu, na ikifika wiki ya sita ninaukata ukanda kwa wembe upande ulio kinyume na kabari, bila kuuvuta.

Ukanda ukiwa salama, tafuta maotea. Macho yaliyo chini ya kovu ni ya mti wenye nguvu, ambao mizizi ni yake, na ukiyaachia yatachukua chakula chote. Yang'oe kwa kidole yangali na urefu wa sentimita moja au mbili, huku ukihakikisha kitako chake kimetoka. Yakikatwa kwa mkasi huacha macho mengine mawili nyuma yake.

Sababu ya tatu hutokea kwa nadra, lakini ikitokea haina tiba. Majani mapya yakiwa na madoa ya mviringo ya njano iliyopauka, mengine kama pete zilizochorwa kwa kalamu, na ukuaji ukiwa duni ingawa mizizi ni mizima, shuku kirusi cha madoa ya pete cha haibiskasi. Husafiri kwa kubebesha na kwa mikasi, na mti ulioambukizwa hauponi. Usichukue kikonyo kutoka kwa mti wenye majani ya aina hiyo hata kama ua lake linakuvutia kiasi gani, na pangusa mkasi kati ya mti mmoja na mwingine.

Maua yamebadilika rangi

Swali hili huulizwa na watu walionunua mti wa maua ya machungwa na baada ya mwaka wanapata mekundu. Fuata tawi lenye ua kwa kidole kurudi chini hadi kwenye shina. Likianzia chini ya kovu, hujabadilikiwa na kitu: unaangalia ua la mti mbebaji, na kuna uwezekano kwamba kikonyo kimekwisha kufa au kiko mbioni. Likianzia juu ya kovu, ni hali ya hewa. Mahuluti mengi hubadili rangi kwa joto na mwanga, na ua la manjano lenye moyo mwekundu wakati wa baridi huweza kupauka karibu kuwa jeupe wakati wa joto kali, kisha likarudi.

Katika bonsai hasa, makosa ya mahali pa kovu ndiyo yanayoleta fadhaa hii, kwa sababu matawi hupogolewa mara nyingi na mwenyewe husahau lipi ni lipi. Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni kubebesha chini kabisa, karibu na mizizi, ili kovu lifunikwe na udongo. Ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kuchukua kisiki kizee kutoka kwenye uzio unaobomolewa, kukikata kwa urefu wa sentimita 25 au 30, kukiotesha katika changarawe hadi kichipue, na kubebesha juu ya machipukizi mapya manne au matano uliyoyachagua. Shina nene lenye gome la miaka mingi linapatikana kwa siku moja badala ya miaka kumi, na kila tawi huwa na kovu lake dogo lililo juu, mahali panapoonekana na kukaguliwa kwa urahisi.

Majani ya njano

Usihesabu majani mangapi ni ya njano. Tazama ni yapi.

Majani ya zamani, yaliyo chini na ndani ya tawi, yakigeuka manjano ya kung'aa jani zima kisha yakadondoka kwa kuguswa tu, mti umepata mshtuko: umekauka siku moja, umehamishwa kutoka juani kwenda kivulini, umepigwa na baridi, au umehamishiwa chungu kipya. Haibiskasi huanza kulalamika joto linaposhuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Wenye kuilea London, Toronto au miji mingine ya ughaibuni huona hali hii kila Oktoba wanapoingiza miti ndani ya nyumba, na hawana la kufanya ila kupunguza maji, kuiweka dirishani penye mwanga na kungoja. Majani matatu au manne kwa juma hayahitaji dawa.

Majani machanga ya nchani yakiwa ya njano ilhali mishipa yake imebaki kijani, kama ramani ya mito, mti umekosa chuma. Hapa ndipo udongo wa pwani unapohusika. Maeneo mengi ya Tanga, Mombasa na Unguja yamekaa juu ya chokaa au matumbawe ya kale. Mapango ya Amboni yenyewe yametoboka ndani ya mwamba wa chokaa. Maji ya visima vya maeneo hayo ni magumu, na kila unapomwagilia unaongeza chokaa katika chungu kidogo ambacho hakina kina cha kuimeza. Haibiskasi hupenda pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ya kati ya 6 na 7, ikielemea 6. Ikipanda juu ya hapo, chuma kinaweza kuwa tele udongoni na mizizi isiweze kukichukua. Kwa hiyo msumari wenye kutu unaofukiwa kwenye chungu, kama tunavyoambiwa na wazee wa bustani, hausaidii chochote katika udongo wa chokaa. Kinachosaidia ni chuma kilichofungwa kikemia ili kisishikwe na chokaa, na katika kukinunua lazima usome lebo: kilichofungwa kwa EDTA hupoteza nguvu pH ikizidi takriban 6.5, ilhali kile cha EDDHA hufanya kazi hata katika udongo wenye chokaa nyingi. Tiba ya kudumu ni maji ya mvua. Pipa moja lililokingwa masika hutosheleza bonsai chache kwa muda mrefu.

Jambo moja zaidi katika dalili hii, na ninalisisitiza kwa sababu nimeliona mara nyingi mno: majivu ya jikoni. Yana potasiamu, ambayo haibiskasi huipenda, lakini yanapandisha pH, na katika chungu kinachomwagiliwa maji ya kisima ni kuongeza chokaa juu ya chokaa.

Njano kati ya mishipa katika majani ya zamani, huku machanga yakiwa mazuri, ni upungufu wa magnesi, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya Epsom katika lita nne za maji mara moja kwa mwezi huurekebisha. Njano ya vidoadoa vingi mno, jani likiwa limefifia kana kwamba limemwagiwa vumbi, ni utitiri. Kingo zilizoungua kwa rangi ya kahawia ni chumvi, iwe ya mbolea, ya maji ya kisima au ya upepo wa bahari. Mwaga maji safi mengi, mara tatu ya ujazo wa chungu, yapite yote chini.

Mti umelegea na udongo umelowa

Hapa ndipo ukaguzi wa chungu unapookoa mti. Aonaye majani yaliyolegea humwagilia, na kama kisababishi ni mizizi inayooza, maji hayo ndiyo yanayoumaliza. Vimelea vya Phytophthora na Pythium hustawi katika udongo usio na hewa wakati wa joto, na mti huweza kufa kwa siku chache majani yakiwa yameninginia bado, hayajadondoka, kana kwamba umechomwa.

Chungu kikiwa kizito na majani yamelegea, toa mti. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya majani makavu na ni migumu. Iliyooza ni ya kahawia iliyokoza, na ukiivuta ganda lake hutoka kama soksi na kuacha uzi. Kata yote iliyooza hadi penye weupe, punguza matawi kwa kiasi hichohicho, panda katika changarawe tupu, weka kivulini penye unyevu. Siku hiyohiyo, chukua vikonyo. Aina uliyoihangaikia iko juu, si chini, na maadamu ukwaruzaji wa juu bado unaonyesha kijani, unaweza kuihamishia kwenye mche mwingine wa uzio kabla mizizi haijakata shauri. Nimeokoa mahuluti mawili hivyo baada ya mashina yao kufa.

Kuzuia ni suala la udongo. Udongo wa bustani na mboji tupu havifai kwa sinia la kina kifupi. Mimi huchanganya sehemu mbili za matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa, vipande vikiwa vya milimita tatu hadi sita, sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyooshwa chumvi, na sehemu moja ya mkaa uliovunjwa. Aliye karibu na mawe ya volkano mepesi, kama Moshi au Naivasha, ana bahati kuliko mimi. Mizizi ya haibiskasi hujaza sinia katika mwaka mmoja au miwili, na baada ya hapo hata mchanganyiko mzuri hushindwa kupitisha maji.

Hautoi maua, au vitumba vinadondoka

Kama hakuna kitumba hata kimoja, jiulize ulipogoa lini. Haibiskasi huchanua kwenye ncha za ukuaji mpya, na kutoka mkasi hadi ua ni miezi miwili hadi mitatu. Mtu anayepunguza ncha kila wiki mbili ili umbo likae vizuri anakata maua ambayo hajayaona. Mgawanyo unaofaa ni kupogoa kwa umbo kwa miezi kadhaa, kisha kuacha mkasi kabisa msimu wa kuchanua. Ongeza jua: saa tano au sita za jua la moja kwa moja ndizo kiwango cha chini.

Mbolea ndiyo inayofuata. DAP, mbolea ya kupandia inayopatikana katika kila duka la pembejeo, ina naitrojeni asilimia 18 na fosforasi asilimia 46 (ikihesabiwa kama P2O5), bila potasiamu kabisa, na haibiskasi ni miongoni mwa mimea isiyostahimili fosforasi nyingi, kwa kuwa huifanya ishindwe kuchukua chuma na zinki. Wengi huiweka "ili ichanue", na hupata njano ya kati ya mishipa niliyoieleza juu. Hata NPK (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya 17-17-17 ina fosforasi kupita haja. Tafuta mchanganyiko wenye naitrojeni ya wastani, fosforasi kidogo na potasiamu nyingi, na kama haupatikani, ongeza salfeti ya potasiamu kidogo kidogo juu ya mbolea hafifu ya naitrojeni.

Vitumba vikitokea kisha vikadondoka vikiwa vibichi, pasua kimoja kwa ukucha. Ukikuta wadudu wadogo wanaokimbia, wembamba kama vipande vifupi vya uzi, ni thripi. Kikiwa safi, ni joto la zaidi ya nyuzi 35, au chungu kilikauka mchana mmoja, jambo ambalo sinia jeusi juani huweza kulifanya kati ya saa nne na saa tisa alasiri.

Ncha zimejikunja na kubanana

Majani ya nchani yakitoka madogo, yamekunjana na kushikana kama ngumi, fungua moja. Unga mweupe unaonata ni vidung'ata. Mate yao ndiyo yanayoupotosha ukuaji, kwa hiyo ncha iliyokunjana hainyooki tena: ikate, iteketeze, kisha nyunyiza maji ya sabuni na mafuta ya mwarobaini jioni, ukirudia kila siku saba kwa mara tatu. Mafuta yakipuliziwa juani huunguza majani. Malathioni uiepuke, kwani hupukutisha majani ya haibiskasi. Na ufuate sisimizi, kwa sababu ndio wachungaji wa wadudu hao; chungu kilichosimama juu ya matofali ndani ya sahani ya maji hakifikiki. Kangambili wekundu wanaokusanyika kwenye vitumba na mbegu huokotwa kwa mkono.

Tawi linakufa baada ya kupogolewa, na majani ni makubwa mno

Mti wa haibiskasi ni laini na vidonda vikubwa hufungika kwa shida, hivyo ukikata tawi nene sambamba na shina, uozo huingia na kushuka ndani hadi shina linakuwa na uwazi. Acha kisiki cha sentimita moja juu ya jicho, ziba kwa gundi ya mbao au nta, na ukiondoe kisiki hicho baada ya kukauka chenyewe. Usipogoe matawi na mizizi siku moja. Waya wa alumini uzungushwe kwenye machipukizi yanayoanza kukomaa tu, kwa kuwa tawi gumu hukatika kwa mlio mmoja, na ukaguliwe kila wiki mbili, maana mti huu hunenepa kwa kasi. Juu ya kovu la mwaka wa kwanza usitie waya kabisa.

Majani hupungua ukubwa kwa jua, kwa kubana ncha na kwa mizizi kujaa chungu. Ua halipungui. Huluti lenye ua la sentimita 20 litatoa ua la sentimita 20 juu ya mti wa sentimita 30, na hakuna mbolea wala mkasi utakaobadilisha hilo. Kwa hiyo anayechagua kikonyo cha bonsai atafute aina yenye ua la sentimita saba au nane na pingili fupi, na akiona bustanini kwa jirani haibiskasi ndogo ya waridi ambayo hakuna anayeisifu, aombe kikonyo kimoja hapohapo, akifunge kwa kitambaa kilicholowa, na akibebeshe kabla jua halijatua.